Nimechapisha bango la uchaguzi wa Ynys Môn hapa hapa Mwanga, na dada wa stesheneri ndo ameokoa somo langu

Jamani wana Kigoma, hasa walimu wenzangu mlionijazia inboksi mkiuliza lile bango lililoko darasani kwetu nimechapishia wapi. Wengi mmedhani Dar, wengine Mwanza. Ni hapa Mwanga, nyuma ya soko, stesheneri ndogo yenye mlango wa bluu, ukiingia unakuta printa mbili za kawaida, mashine ya fotokopi na ile mashine kubwa ya mabango imekula nusu ya chumba mpaka wateja mnasimama kwa zamu. Naomba nieleze vizuri kwa sababu huduma niliyopata pale sijawahi kuipata sehemu nyingine, na ili mnielewe itabidi niwaambie kwanza bango lenyewe lilikuwa la nini.

Nafundisha Uraia kwenye sekondari moja ya kata huku Ujiji. Mada ya uchaguzi kila mwaka inanipa shida, ukigusa tu majimbo ya nyumbani darasa linapasuka vipande, huyu baba yake diwani, yule mjomba wake alikuwa wakala kituoni, kabla kipindi hakijaisha watu wameshanuniana na hakuna alichojifunza mtu. Mwaka huu nikasema natafuta jimbo la mbali kabisa, ambalo hakuna mtoto ana shangazi yake kule, alafu tulifuatilie miaka karibu mia tuone wapiga kura wake walikuwa wanafanya nini. Nikaangukia Ynys Môn, kisiwa cha kaskazini magharibi mwa Wales, Waingereza wanakiita Anglesey na jimbo lenyewe liliitwa hivo mpaka 1983. Nilikipenda kwa sababu watoto wa Kigoma wanakielewa bila kuhangaika: kuna bandari ya Holyhead, reli inayotoka London inakuja kuishia pale pale majini, anayeendelea anapanda feri kwenda Dublin. Nilipowaambia hivo mtoto mmoja akasema "kama stesheni yetu na meli za ziwani," basi somo likawa limeanza lenyewe.

Sa, mara ya kwanza sikwenda kwa huyu dada. Nilikwenda sehemu nyingine, sitaitaja, nikaacha flashi asubuhi jioni nikachukua bango limekunjwa, nikalipa, nikafika nalo nyumbani nikalitandika sebuleni. Kichwa cha habari kimeandikwa Ynys M?n, alama ya kuuliza kubwa kama kichwa cha mtoto, kwa sababu ile o yenye kofia haikusoma kwenye kompyuta yao. Hiyo ningevumilia. Lakini walikuwa wamechapa upya maandishi yangu yote, 1951 ikawa 1915, na 595 ikawa 5,950. Nilirudi wakaniambia ndivyo nilivyoleta, nikawafungulia flashi wakaona sivyo, wakasema hela hairudi. Nilitoka pale nimeumia kweli, maana hiyo 595 ndo roho ya bango zima.

Ngoja niwaambie kwa nini. 1929 kisiwa kile kilimchagua Megan Lloyd George wa chama cha Liberal, binti wa miaka 27, na huo ndo ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza Uingereza ambao wanawake walipiga kura kuanzia miaka 21 sawa na wanaume. Akawa mbunge wa kwanza mwanamke kutoka Wales. Baba yake David Lloyd George alishakuwa waziri mkuu, na jimbo la baba lilikuwa ng'ambo tu ya mlango bahari, Caernarvon Boroughs, alilishika toka 1890 mpaka 1945, kwaiyo baba na mwana walikuwa bungeni pamoja kila mmoja na upande wake wa maji. Megan alikaa miaka 22. Kijana mmoja mwanasheria mzaliwa wa Holyhead, Cledwyn Hughes wa Labour, akamjaribu 1945 akashindwa, akarudi 1950 akashindwa tena, 1951 akarudi mara ya tatu akamtoa kwa kura 595. Mia tano tisini na tano! Hao ni pungufu ya wanafunzi wa shule yetu wakiwa wamejipanga paredi asubuhi. Sa wewe ukiandika 5,950 umefuta kila kitu, umegeuza pambano la roho mkononi likawa la mtu kupigwa kweupe, na mtoto anayesoma ukutani hatajua kwamba vijiji viwili vitatu vingeamua kubaki nyumbani siku ile historia ingekuwa nyingine.

Kwaiyo nikaenda Mwanga nimeshakata tamaa. Nikamkuta dada kakaa kwenye kompyuta, shikamoo mwalimu, marahaba, nikampa flashi nikamwambia tafadhali usichape upya, chukua kama ilivyo. Akafungua faili, akanyamaza. Nikajua tayari, kofia imegoma tena. Kumbe anasoma! Akavuta kikokotoo kile cha dukani chenye vitufe vikubwa, akaanza: 2024, Llinos Medi kura 10,590, Virginia Crosbie 9,953, akatoa, 637, akaangalia nilichoandika, 637, akaweka tiki na kalamu kwenye karatasi ya pembeni. Akaenda 2019, 12,959 toa 10,991, 1,968, tiki. 2001, Albert Owen 11,906, wa pili 11,106, mia nane kamili, hapo akarudia mara mbili akaniuliza "mwalimu hii imetoka mia nane kavu kabisa hivi?" Nikamwambia ndiyo, kavu kabisa. Hakuna mtu aliyemwomba afanye hiyo kazi na hakunichaji hata mia. Ile o nayo alibadilisha fonti tatu mpaka kofia ikakaa, akachapa kipande kidogo kwenye karatasi ya A4 akanipa nikishike mkononi niseme kama ndivyo.

Alafu akaniuliza swali ambalo nimelala na hili jimbo wiki tatu na sikuwa nimeliona. Alikuwa anapanga visanduku vya wabunge, akasema "mwalimu, mbona baada ya huyu mama hawa wote wanaondoka wenyewe?" Nikasogea. Ni kweli. Hughes alikaa miaka 28, akastaafu 1979. Keith Best wa Conservative akachukua, akaachia 1987 kwa sababu ya kesi ya kuomba hisa za British Telecom, kampuni ya simu ya kule, mara kadhaa kwa kuchezesha majina. Akaja Ieuan Wyn Jones wa Plaid Cymru, chama cha Wales, naye 2001 akaacha bunge la London kwa sababu alishakuwa kiongozi wa chama na kazi yake ilikuwa kwenye Bunge la Wales kule Cardiff. Albert Owen wa Labour akakaa mpaka 2019 akapumzika, kiti akakichukua Crosbie wa Conservative. Yaani toka Megan aanguke 1951, miaka 73, wale watu hawakumwangusha mbunge yeyote aliyesimama mbele yao kutetea kiti, mpaka 2024 Crosbie alipotolewa na Llinos Medi kwa zile kura 637. Lakini angalia tena: kila mwenye kiti anapoondoka mwenyewe, kiti kinahama chama. Labour kwenda Conservative, Conservative kwenda Plaid, Plaid kwenda Labour, Labour kwenda Conservative. Wanamshikilia mtu, chama hawakiwekei ahadi. Hiyo sentensi tukaiongeza chini ya bango pale pale, kwa herufi nene, na kwangu mimi ndo sentensi bora kuliko zote nilizoandika mwenyewe.

Kingine ni rangi. Mimi nilikuwa nimepaka kila sanduku rangi ya chama kama wanavyotumia kule, Liberal njano, Labour nyekundu, Conservative bluu, Plaid kijani. Dada akaangalia akasema taratibu, mwalimu, hapa una njano na una kijani, na bango linaenda kukaa shuleni, mtu akipita dirishani kwa mbali atasema umebandika kampeni. Aisee. Nilikuwa nimekimbia majimbo ya nyumbani ili nipate utulivu alafu nikataka kuning'iniza ugomvi ule ule ukutani kwa mkono wangu. Akapendekeza rangi zibaki kwa sababu ndizo za kweli, lakini jina la chama liandikwe kubwa ndani ya kila sanduku, na juu kabisa liwekwe neno WALES ambalo hata aliye nje ya dirisha analisoma. Tukafanya hivo na mpaka leo hakuna aliyeniuliza.

Darasani limefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Namba za 2019 ndo zimeleta moto zaidi, kwa sababu nimeweka na wa tatu, Aled ap Dafydd wa Plaid, 10,418. Watoto wakajumlisha wa pili na wa tatu wakapata 21,409, mshindi ana 12,959, wakaanza kupiga kelele sa huyu ameshindaje wakati wengi hawakumtaka. Ndo hapo unawaeleza kwamba kule kama huku, jimbo ni la mwenye kura nyingi kuliko mwingine mmoja mmoja, hakuna kurudia, wala hakuna anayejumlisha walioshindwa. Kipindi cha dakika 40 kilikwisha wakagoma kutoka. Tukagusa pia suala la mipaka, kwamba uchaguzi wa 2024 Wales ilipunguziwa majimbo toka 40 kuwa 32 lakini Ynys Môn haikuguswa, sheria inakilinda kisiwa kama kilivyo hata kama wapiga kura wake ni wachache kuliko kiwango. Hilo tumeliacha kiporo, kuna kundi linaona ni haki na kundi linaona ni upendeleo na sijataka kuwaamulia.

Sa mapungufu, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Kijani kimetoka hafifu, kama jani lililokaa juani, dada mwenyewe alikiri wino wa rangi hiyo ulikuwa unaelekea mwisho na akasema nisubiri siku mbili mzigo ufike, mimi ndo sikuwa na subira. Umeme ulikatika katikati ya kuchapa, hawana jenereta, bango likasimama kwenye miaka ya sabini kwa saa tatu nikaenda zangu kula ugali na migebuka nikarudi, na ule mstari mahali liliposimama unauona ukisogea karibu, mwembamba, unapita juu ya kifua cha Hughes. Alitaka kurudia lote kwa gharama yake nikakataa, karatasi ile sio bei rahisi. Na sehemu ya kukaa hakuna, ukiwa na kazi ndefu beba uvumilivu.

Bei, mita mbili kwa moja nimelipa 28,000, kupanga maandishi 5,000, vile vitundu vya chuma vya kupitishia kamba ameweka bure. Kule kwa kwanza nilitoa 45,000 nikapata alama ya kuuliza. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hawapo. Ukifika sokoni uliza bodaboda stesheneri ya mabango ya mlango wa bluu watakupeleka, ila nenda asubuhi, mchana wanajaa watu wa picha za pasipoti na barua za maombi ya kazi.

Mimi nimeshaacha flashi nyingine. Hii ni ya Carmarthen, kusini mwa Wales, kwa sababu wanafunzi walikataa kuamini kwamba Megan aliishia 1951. Aliingia Labour 1955, akashinda uchaguzi mdogo wa Carmarthen 1957, akawa mbunge wa kule mpaka alipofariki 1966, na uchaguzi mdogo uliofuata mwezi wa saba mwaka huo huo ukampa Gwynfor Evans kiti cha kwanza kabisa cha Plaid Cymru bungeni. Dada ameshaanza kupanga visanduku, jana kanitumia picha WhatsApp ya karatasi yake ya tiki na chini ameandika: mwalimu, hapa kwenye 1957 hujaweka kura za wa pili, nitatoa nini?