Barakoa za kitambaa: uzoefu wangu wa kuchagua, kuvaa na kufua

Nimezivaa zote tatu: ya kitenge ya barabarani Kariakoo, ya kitambaa cha fulana, na ya tabaka 3 inayoshonwa na fundi kwa oda. Ya fundi ndiyo ninayoipendekeza. Ya kitenge ya tabaka 2 inafaa ukikosa hiyo. Ya fulana ya tabaka moja usiichukue hata ukipewa bure, kwa sababu kitambaa kile kikivutika matundu yake hufunguka, na mdomo unakivuta kila unapoongea.

Mwelekeze fundi hivi. Ndani iwe khanga ya pamba, inyonye unyevu wa pumzi. Katikati iwe polipropilini isiyofumwa, ndiyo ile ya mifuko mbadala iliyojaa madukani Tanzania tangu ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019. Chukua mpya, ukate sehemu isiyo na maandishi. Nje kiwe kitenge chenye poliesta, maji yakidondoka yateleze. Mpangilio huu ndio uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Juni 2020, na mafundi wetu wanauweza kabisa. Khanga ifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo itarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kuvuta marinda yote upande mmoja. Kama muuzaji anakuapia kitenge ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu nyeusi.

Kwa mtu mzima, kata vipande vya sentimita 25 kwa 15 na upige marinda 3. Kisha waya wa pua, sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Bila waya, pumzi inapanda juu na kuteremka pembeni bila kupita kwenye kitambaa, na tabaka zako 3 hazina kazi. Ukivaa miwani utajua mara moja: ikiingia ukungu, kuna mwanya puani. Waya wa kufungia nondo unashika kutu na kutia madoa. Tumia waya wa umeme wenye ganda la plastiki, wa sentimita 10, ncha zikunjwe zisichome.

Lastiki za masikioni ni za haraka lakini hulegea. Kamba za kufunga nyuma ya kichwa hukaza vizuri zaidi, na kwa anayevaa ushungi ndizo zinazofaa, maana hufungwa juu yake na kuvuliwa bila kuufumua. Ndevu nyingi huacha mwanya ambao kamba yoyote haiuzibi.

Nawa mikono kabla ya kuvaa, bana waya kwa vidole viwili, vuta marinda hadi chini ya kidevu. Kuishusha kidevuni na kuipandisha tena kila ukitaka kuongea kunaichafua upande wa ndani. Kwa joto la Dar inalowa mapema. Ikilowa ibadilishe, kwa sababu kitambaa chenye maji hupitisha hewa kwa shida na pumzi hukimbilia pembeni. Tembea na ya pili. Unapovua shika kamba tu, usiguse mbele, kisha nawa.

Kufua ni kila siku. Sabuni na maji ya moto ya nyuzi 60 yanatosha. Kama huna cha kupimia joto, fua kwa sabuni na maji ya kawaida kisha ichemshe dakika 1. Jiki nayo inafaa: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, weka mililita 30 kwa lita 1 ya maji, loweka dakika 1, suuza hadi harufu iishe. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Hasara ya jiki ni kwamba inakula lastiki na kupausha kitenge, kwa hiyo mimi nachemsha. Usiikamue kwa kuisokota, waya utapinda, ibonyeze. Anika juani hadi pindo zikauke kabisa, kwani hapo ndipo ukungu huanzia. Pasi ya moto usiitumie, itasinyaza polipropilini ya katikati na kuikunja.

Barakoa hii kazi yake kubwa ni kuzuia matone ya anayeivaa yasiwafikie wengine. Anayemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu ndani ya chumba anahitaji N95, barakoa maalumu ya kuchuja hewa, iliyombana usoni, kitambaa hakitoshi. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivishwe kabisa.

Kabla ya kuivaa tena iinue juani. Ukiona vitone vya mwanga vinapenya, au kamba haikazi tena, itupe umpelekee fundi oda nyingine.