Gari kuukuu linalozimika njiani: ununue nini kwanza?

Gari linalozimika lenyewe, kisha likawaka baada ya robo saa kana kwamba halikuwa na neno, limewamalizia watu wengi pesa Nakuru na Kisumu. Likifika gereji linanguruma vizuri. Fundi anasikiliza, anakuna kichwa, anasema, "Mzee, tubadilishe koili tuone." Wiki inayofuata ni pampu ya mafuta, kisha alteneta. Vipuri vitatu vimenunuliwa, na gari bado linakuzimikia Salgaa, malori yakikujia kwa nyuma.

Ndiyo maana hapa vifaa vya kupimia vimetangulia na vipuri vimewekwa mkiani. Nawalenga hasa wenye Toyota 110, Nissan B15 na wenzao wa rika hilo.

1. Maltimita

Hiki ni kipimo cha umeme chenye nyaya mbili za kugusishia, na ile ndogo ya manjano ya duka la vifaa vya umeme inatosha kabisa, mradi iwe na kiwango cha volti 20 za DC. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Injini ikishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haichaji. Ukipiga stata na namba ikaanguka chini ya 9.6, betri imechoka.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya hasi unaofungwa kwenye injini na bodi umeoza au umelegea. Kwa gari lenye zaidi ya miaka ishirini, huo ndio ninaoushuku kabla ya chochote kingine, na kuubadilisha ni kazi ya spana moja. Ila usipime volti huku ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la 10A: hapo unapiga shoti betri, na maltimita za bei rahisi mara nyingi hazina fyuzi upande huo.

2. Testa ya taa

Hii ni balbu ndogo yenye sindano upande mmoja na kibanio upande wa pili. Ni ya bei ndogo kuliko vipimo vingine hapa, na kuna jambo moja inalolifanya vizuri kuliko maltimita. Waya uliobakiza nyuzi mbili tatu bado utaonyesha volti 12 kwenye maltimita, lakini balbu inavuta umeme halisi, kwa hiyo itawaka kwa unyonge na kukuonyesha udhaifu. Usiichomeke kwenye nyaya za sensa, za kompyuta ya gari, wala zile za plagi za manjano za mifuko ya hewa.

Ukiwa nayo mkononi, anza na alamu na traka. Karibu kila gari la mtumba kwetu limefungwa alamu yenye kata-auti: fundi alikata waya wa swichi au wa pampu, akapitisha kwenye rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), akasokota maungio na kuyafunga kwa tepu. Joto la Kisumu linayeyusha gundi ya tepu hiyo, mashimo ya barabara yanamalizia. Tikisa maungio hayo injini ikiwa inawaka. Ikizimika mkononi mwako, umepata ugonjwa bila kununua kipuri.

3. Kisoma kodi

Hiki ni kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Wengi hukimbilia hiki kwanza. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo sanifu wa gari kujichunguza, mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, lililokuwa nje ya sheria hizo, na plagi ya pini 16 chini ya usukani haimaanishi kwamba kisoma cha bei rahisi kitaelewana na kompyuta yako. Kijaribu kwenye gari lako mwenyewe kabla ya kulipa.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazikihitaji. Fungua kile kisanduku cha plagi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya bila kugusa tundu jingine, weka swichi ON bila kuwasha, uhesabu taa ya injini inavyometa. Kodi 12 au 13 inahusu ishara ya mzunguko wa injini. Na usikubali mtu achomoe betri kabla ya kusoma, kumbukumbu hufutika.

4. Rilei na fyuzi za akiba

Nunua, tia kwenye dashibodi.

5. Vipuri

Sasa ndipo ufikirie sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka), koili au pampu, na dalili ndizo zikuongoze. Taa zote za dashibodi zikizima kwa pamoja, rudi kwenye vichwa vya betri, waya hasi na swichi ya funguo. Kwenye gari la gia za mkono, mshale wa mzunguko ukianguka sifuri papo hapo huku gari likiwa bado kwenye gia na linasonga, sensa au mfumo wa kuchoma ndio mshukiwa. Injini ikikohoa na kupungua polepole, tazama mafuta. Sensa mbovu hupenda kukata injini ikishachemka, kwa mfano ukipanda kutoka Awasi kuelekea Kericho, halafu ikipoa kila kitu sawa.

Kati ya sensa mpya isiyo na jina na ya asili ya mtumba kutoka Japani, nachukua ya mtumba. Nenda dukani na ile ya zamani, mlinganishe namba iliyochapwa pamoja na plagi yake, na mkubaliane kuhusu kurudisha kabla hujatoa pesa, maana maduka mengi hayarudishi kipuri cha umeme kikishafungwa.