Kifaa cha moshi baridi kwenye jiko la pipa: uzoefu wangu Limuru

Kwa misimu miwili ya baridi nimekuwa nikitumia kifaa cha kutolea moshi baridi kilichounganishwa na jiko langu la nyama choma, lile la pipa lililopasuliwa kwa urefu na kutiwa bawaba, na sasa ninakijua vya kutosha kukitolea tathmini. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji asichoke kuitafuta: kifaa hiki kinafaa kutengenezwa, tena kwa gharama ndogo, mradi mwenyewe aelewe tangu mwanzo kwamba kazi yake ni kupitisha moshi kidogo, mwembamba na wa baridi kwa saa nyingi bila kukatika, wala si kulijaza pipa moshi mzito. Ladha, usalama na hata usafi wa jiko hutegemea jambo hilo moja.

Wengi wetu tukitaja samaki wa moshi tunamfikiria sangara au kambare wa Ziwa Victoria, aliyekaa juu ya moto mpaka nyama ikaiva na kukauka. Huo ni moshi wa moto. Joto lake hupita nyuzi 60, na samaki hutoka akiwa tayari kuliwa au kutiwa mchuzini. Moshi baridi hufanyika chini ya nyuzi 30, na mimi sipendi uzidi 20 ninapofukiza jibini, wala 25 ninapofukiza samaki. Chakula hupata harufu, rangi na ladha ya mti, lakini hakiivi hata kidogo: jibini hubaki jibini, na samaki hubaki mbichi. Nalisisitiza hili kwa sababu tahadhari zote nitakazozitaja baadaye zinatokana nalo.

Kifaa chenyewe ni mkebe mkubwa wa chuma uliokuwa wa maziwa ya unga, wenye kimo cha sentimita 25 hivi. Fundi wa Kamukunji, soko la wafua chuma jijini Nairobi, aliutoboa matundu mawili: moja la milimita 8 karibu na kitako, la kuwashia na kuingizia hewa, na jingine juu, chini kidogo ya kifuniko, la kupitishia bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 25 linaloelekea kwenye pipa. Ndani ya mkebe, wima katikati, kuna springi pana inayozuia vibanzi vya mti kushikamana na kuziba njia ya moshi. Kabla ya kuutia chakula chochote, mkebe mtupu ulichomwa moto mkali nje ili rangi na mpako wa ndani uungue wote. Nilimwomba fundi asitumie bomba la mabati mahali popote panapokaribia makaa, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa yanaweza kupita hapo. Hakuhitaji kushawishiwa. “Kweli, mama,” alisema, “zinki ikishika moto, moshi wake ni sumu. Sisi tukichomelea mabati tunakaa upande upepo unakotokea.” Mzee huyo alinifanyia kazi safi, na viungo vyake havijavuja hadi leo.

Sehemu iliyo moyo wa kifaa ni ndogo kuliko zote. Ndani ya lile bomba la chuma, pale linapotoka mkebeni, kumepenyezwa neli ya shaba ya milimita 6, mdomo wake ukielekea kwenye pipa, na upande wa pili wa neli umeunganishwa kwa mpira na pampu ndogo ya hewa inayotumika katika matangi ya samaki wa mapambo. Hewa inapotoka kwa kasi katika mdomo ule mwembamba, shinikizo kandokando yake hushuka, na moshi uliomo mkebeni huvutwa nyuma yake kuingia bombani; ndiyo kanuni iliyoelezwa na mwanafizikia Mwitaliano Giovanni Battista Venturi mwaka 1797. Uzuri wake, ambao sikuuthamini ipasavyo mpaka nilipokitumia, ni kwamba pampu haipulizi makaa. Makaa hupata hewa kupitia tundu la chini pekee, kwa kiasi kile kinachovutwa, na kwa hiyo huungua polepole bila kuwaka ndimi za moto. Ukiongeza nguvu ya pampu moshi huongezeka, ukiipunguza hupungua, na joto linalofika kwenye pipa hubadilika kidogo sana.

Bomba langu lina urefu wa mita moja, nalo limeinama kuelekea mkebeni ili lami ya moshi inayoganda ndani yake irudi chini badala ya kudondokea kwenye chakula. Linaingilia ubavuni mwa pipa, chini ya wavu, na bomba la kutokea liko upande wa pili, juu. Hilo la kutokea silifungi kamwe. Nimewaona watu wanaolifunga wakidhani wanahifadhi moshi, ilhali moshi uliosimama hupoa, hutoa unyevu na kukiachia chakula utando mchungu unaoufanya ulimi ufe ganzi. Moshi mzuri unaonekana kwa shida: mwembamba, wenye rangi ya samawati ukiutazama mbele ya kitu cheusi. Ukiwa mweupe na mzito, vibanzi ni vibichi au hewa haitoshi.

Limuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,200, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka na joto la usiku hukaribia nyuzi 10. Kwa kazi hii, hali hiyo ya hewa ni neema. Huwasha kifaa saa mbili usiku na kumaliza kabla ya jua kupanda, na kipimajoto nilichokining’iniza usawa wa wavu husoma nyuzi tatu au nne tu juu ya hewa ya nje. Mchana ni habari nyingine. Pipa jeusi likipigwa na jua la saa sita hupita nyuzi 30 bila moto wowote ndani yake, na jibini huanza kutoa mafuta. Kwa hiyo, hata huku kwetu kwenye baridi, kazi hii naifanya usiku tu.

Kuhusu kuni, nina msimamo mkali. Maranda ya karakana za seremala siyakubali, kwa kuwa mbao nyingi zinazopigwa randa huku ni za saiprasi, zenye utomvu, na nyingine zimepakwa dawa ya kuzuia mchwa au zimechanganyika na mbao za kubandikwa kwa gundi. Mkaratusi nao una mafuta yanayokipa chakula harufu ya dawa ya kifua. Ninatumia mkahawa, unaopatikana kwa urahisi Kiambu wakulima wanapopogoa mashamba yao, na pia mparachichi, mpera na mplamu. Mti huondolewa gome, hukaushwa kwa miezi chini ya paa, kisha hukatwa vibanzi vya ukubwa wa punje za mahindi. Ladha ya moshi hutoka hasa katika ligini, ile sehemu inayoushikanisha mti, ambayo ikiungua polepole hutoa kemikali za jamii ya fenoli. Mkahawa una moshi mzito kidogo unaofaa jibini, na mpera una utamu unaomfaa samaki. Mkebe mmoja hunidumu saa tatu hadi nne.

Matokeo sasa. Jibini ngumu, cheddar au gouda, ndiyo iliyonifanya niseme kifaa kimelipa gharama yake. Naikata vipande vya robo kilo, naiacha ikauke uso kwenye friji, naifukiza saa tatu, kisha naifunga kwa karatasi na kuirudisha friji kwa wiki mbili. Kungoja huko ni lazima: ikionjwa siku hiyohiyo huwa kali juu na tupu ndani, lakini baada ya wiki mbili moshi umepenya na kutulia. Korosho za Kilifi zilizokwisha kukaangwa huhitaji saa mbili tu, na wageni huzimaliza kabla ya chakula. Chumvi ya bahari ya mawe, ile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, naitandaza nyembamba kwenye trei na kuifukiza usiku kucha huku nikiigeuza mara kwa mara. Chumvi hiyo ndiyo ninayoisifu kuliko yote, kwa sababu haiozi, haidhuriki na joto, na kijiko kidogo chake huipa githeri (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) isiyo na nyama ladha ya chakula kilichopikwa juu ya kuni. Mayai ya kuchemsha nimeyafukiza pia. Ni mazuri, lakini siyo ya kumfanya mtu atengeneze kifaa.

Samaki anahitaji maelezo marefu zaidi, na ningependa asomaye aya hii asiiruke. Ninatumia trauti anayefugwa kwenye maji baridi ya miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambaye mafuta yake hupokea moshi vizuri. Kwanza minofu hugandishwa: mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ni nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 7, ili kuua minyoo, na friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, kwa hiyo ya kwangu niliipima kwa kipimajoto kabla ya kuiamini. Baada ya kuyeyushwa ndani ya friji, minofu hupimwa kwenye mizani, hupakwa gramu 35 za chumvi na gramu 20 za sukari kwa kila kilo, na hukaa mfukoni kwenye friji siku mbili ikigeuzwa. Chumvi hapa ni kinga kabla ya kuwa kiungo, na kuikadiria kwa mkono hakufai hata kwa mpishi hodari. Kisha minofu hupanguswa na kuachwa wazi kwenye friji usiku mmoja hadi uso wake ushike utando unaonata, kwa maana moshi hauushiki vizuri uso wenye majimaji. Ndipo inapofukizwa usiku kucha.

Moshi baridi hauui bakteria aina ya Listeria, ambaye tena huendelea kukua hata ndani ya friji. Kwa sababu hiyo simpi mjamzito samaki huyu, wala mzee dhaifu, wala mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Wao nawapikia mpaka aive kabisa. Simfungi samaki katika mifuko isiyo na hewa, kwa kuwa hali hiyo huipendeza bakteria ya botulizimu, yenye sumu inayoweza kuua, na kinachobaki baada ya siku tatu nne hupikwa. Nyama mbichi na soseji sijazitia kwenye kifaa hiki wala simshauri mtu azitie bila kufundishwa na anayejua kutumia chumvi ya nitriti kwa vipimo. Kuhusu hofu ya saratani, ambayo ndugu zangu wameiuliza kwa haki, moshi wa kuni una benzopairini, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki au nyama ya moshi; kiasi chake huongezeka kuni zinapoungua kwa joto kubwa na mafuta yanapodondokea makaa. Kwenye kifaa hiki makaa yako mbali na chakula na mafuta hayadondoki, jambo linaloupunguza mzigo huo, ingawa bado ni chakula cha kuliwa kwa kiasi.

Kifaa kina kasoro zake. Neli ya shaba huziba kwa lami, na nisipoipitisha waya kila baada ya matumizi moshi hufifia usiku wa manane. Mkebe huliwa na joto na kutu, hivyo huubadilisha kila msimu, na ningekuwa naagiza upya ningetaka wa chuma kinene kisichoshika kutu. Pampu ina mvumo unaosikika hadi chumba cha kulala. Umeme ukikatika moshi husimama, ila pampu inayochaji kwa waya wa simu imeniondolea adha hiyo. Mvua ya kuendelea huloanisha vibanzi kupitia tundu la chini, na ni lazima mkebe uwekewe kijipaa. Pia, pipa lililochomewa nyama liwe limeoshwa, la sivyo mafuta ya zamani huipa jibini harufu iliyochacha.

Nilikuwa nimenunua trei ya wavu ya kutoka nje, ile ambayo vumbi la mti huungua polepole katika njia iliyozungushwa, na nimeitumia pamoja na kifaa changu kwa kulinganisha. Trei haina kelele wala haihitaji umeme, na mwenye kuishi mahali pakavu huenda akaridhika nayo. Kwenye ukungu wetu ilizimika mara nyingi, na vumbi lake maalumu lilikuwa ghali kuliko jibini lenyewe. Rafiki yangu ametumia mtindo mwingine, jiko dogo la mkaa lililounganishwa na pipa kwa bomba la mita tatu; moshi wake hufika umepoa, lakini mwenyewe hulazimika kuamka kila saa kuchochea.

Kwa mkaaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako usiku wenyewe, katika miezi ya joto, hukaa karibu nyuzi 24, kifaa hiki bado kina kazi. Aanze na chumvi na korosho, ambazo hazijali joto hilo, na jibini aitie Julai pekee, alfajiri, juu ya trei ya barafu iliyowekwa chini ya wavu, kwa saa moja au mbili. Samaki wa moshi baridi asimjaribu.