Utepe wa mpira wa kuziba mianya: tathmini kutoka nyumba ya zamani ya Limuru

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za mawe zilizojengwa huko kabla ya mwaka 1963 mara nyingi zina milango ya mbao iliyosinyaa, madirisha ya kioo kimoja na dohani pana, kwa hiyo mwezi wa Julai upepo wa baridi huingia hata kila kitu kikiwa kimefungwa. Katika nyumba ya aina hiyo nimeutumia utepe wa mpira wenye gundi mgongoni, na ninaupendekeza kwa dhati kwa milango na madirisha ya mbao; kwa madirisha ya chuma siupendekezi.

Ni ghali kuliko utepe wa sponji unaowekwa rafu moja nao dukani, lakini sponji hunyonya maji, hubonyea na haiinuki tena, ilhali mpira mzuri hurudi katika umbo lake kila mlango unapofunguliwa. Ukiutazama ulipokatwa, utepe huo una umbo la herufi: E ni mwembamba, kwa mianya ya milimita 2 hadi 3, na P ni mnene zaidi, kwa mianya inayokaribia milimita 5. Muuzaji hataweza kukuchagulia, kwa hiyo pima kabla ya kwenda: funga donge dogo la unga uliokandwa ndani ya karatasi ya plastiki, libandike kwenye fremu, funga mlango, kisha pima unene uliobaki. Mpira mnene kupita kiasi huulazimisha mlango, na baada ya muda bawaba hulegea.

Mahali pa kuziba hupatikana kwa kijiti cha udi kilichowashwa, siku yenye upepo, ukikipitisha polepole kandokando ya fremu. Moshi ukipinda, hapo pana mwanya. Usiishie madirishani. Hewa ya moto hupanda na kutokea darini na kwenye dohani, na inapotoka huvuta ya baridi kupitia chini ya milango, hivyo kifuniko cha kupandia darini kinastahili utepe huu kama mlango wa mbele unavyoustahili.

Gundi yake hushika vizuri juu ya rangi imara iliyofutwa kwa spiriti na kukauka kabisa, nayo asubuhi ya ukungu wa Limuru haifai kwa kazi hiyo. Madirisha ya chuma yana shida nyingine: kutu na matabaka ya rangi vimeufanya mwanya uwe mpana huku na mwembamba kule, na hakuna umbo la mpira litakaloenea pote. Hapo silikoni ni bora. Paka mstari wa silikoni kwenye fremu, funika ukingo wa dirisha kwa selotepu ili usigandane nayo, funga dirisha na uache kwa siku nzima. Silikoni itajaza kila pengo kwa kipimo chake.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeota moto wa jiko la makaa ndani: matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya madirisha yasizibwe, na jiko lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kiwe na utepe au kisiwe nao. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Nasikitika kwamba pakiti niliyonunua haikuwa na onyo lolote kuhusu hilo.

Chini ya mlango utepe huu hausaidii, kwa kuwa husuguliwa na sakafu na kung'oka. Sehemu hiyo inahitaji ukanda wa alumini wenye brashi, uliofungwa kwa skrubu upande wa ndani, brashi ikigusa kizingiti bila kukunjika.