GKrellM kwenye kaunta ya saiba: inafaa, ila ujue isichokuonyesha

Mteja wa saiba pale Kondele, Kisumu, akisema "mtandao umelala", mara nyingi mtandao hauna hatia. Kompyuta ina RAM ya GB 4, vichupo vya iTax, eCitizen na WhatsApp viko wazi kwa pamoja, na diski kuukuu ndiyo inayohema. GKrellM ni programu ya bure ya mfumo endeshi wa Linux inayokuonyesha hilo kabla hujakimbilia kuzima na kuwasha ruta.

Inakaa pembeni mwa skrini kama mnara mwembamba: juu saa, kisha prosesa, michakato, joto, diski, mtandao, na chini RAM na swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa). Yote hayo ni programu moja tu, kwa hiyo haili mashine unayotaka kuichunguza. Tangu Windows 10 iachwe na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, karibu kompyuta zote za ex-UK zenye prosesa za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma hazina njia rasmi ya kwenda Windows 11. Kwa mwenye saiba Kisumu anayezihamishia Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, hiki ni kifaa cha kuweka siku ile ile.

Kuiweka ni mstari mmoja kwenye terminal: sudo apt install gkrellm lm-sensors. Baada ya hapo endesha sudo sensors-detect, inayotafuta vihisi vya joto na feni, na hapa ndipo wengi hukwama. Maswali ya mwanzo ukibonyeza Enter tu ni sawa, maana jibu lililowekwa tayari ni salama. Lakini swali la mwisho, linalouliza kama moduli zilizopatikana (vipande vya programu vinavyosoma vihisi hivyo) ziandikwe kwenye /etc/modules, jibu lake la tayari ni HAPANA. Ukibonyeza Enter kwa mazoea, hakuna kinachohifadhiwa, na ukiwasha mashine kesho kasi ya feni inaweza kukosekana. Andika yes kwa mkono. Kisha fungua GKrellM, bonyeza F1, ingia Builtins halafu Sensors, utie alama kwenye joto la prosesa na feni.

Hapo hapo weka tahadhari. Nyuzi 80 kwa onyo na 90 kwa kengele ni viwango vya busara kwa i3 na i5 za mezani, ambazo nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 100. Chumba chenye paa la bati, saa nane mchana, kitaongeza nyuzi kadhaa, hiyo ni kawaida ya Kisumu. Lisilo la kawaida ni mashine isiyo na kazi kusoma 70. Hiyo ni dalili kwamba vumbi limeziba mapezi ya kipoza-joto, au pesti iliyo juu ya prosesa imekauka. Kuongeza feni ya ukutani hakutaitibu.

Sasa usomaji wenyewe, maana ndiko thamani ya programu hii iliko. Kwenye paneli ya RAM kuna kialama kidogo kinachoteleza kushoto na kulia. Hesabu yake imeondoa kumbukumbu ya akiba ambayo Linux hutumia kuharakisha mafaili, hivyo ikionyesha imejaa, imejaa kweli. Tazama paneli ya swapu chini yake. Kialama cha swapu kikianza kusogea na wakati huo huo grafu ya diski ikachangamka, huku grafu ya mtandao imelala chini kabisa, RAM imekwisha. Kadi nyingine ya GB 4 ndiyo dawa, si bando kubwa zaidi.

Grafu ya mtandao ina mitego miwili. Wa kwanza ni vipimo: inasoma baiti, ilhali kampuni za intaneti huuza biti. Laini ya Mbps 10 ikifanya kazi vizuri kabisa itafika karibu megabaiti 1.25 kwa sekunde, na mhudumu asiyejua kugawanya kwa 8 atadhani ameibiwa. Wa pili ni kwamba grafu hujipangia urefu yenyewe. Kilobaiti chache tu zinaweza kupanda hadi juu kama mlima ikiwa hapakuwa na kitu kabla yake. Bofya grafu kwa kitufe cha kushoto ili tarakimu zitokee juu yake, na uamini tarakimu. Ukitaka kipimo kisichobadilika, bofya kwa kitufe cha kulia uzime upangaji huo wa otomatiki.

Kinachoipa GKrellM nafasi kwenye kaunta ni mwenzake, gkrellmd, anayetuma vipimo vya kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kila kompyuta ya wateja unaiwekea sudo apt install gkrellmd, kisha unafungua /etc/gkrellmd.conf na kuandika allow-host ikifuatwa na anwani ya IP ya kaunta, mathalani 192.168.1.10. Washa upya kwa sudo service gkrellmd restart. Kaunta nayo inaita gkrellm -s 192.168.1.11, na mnara wa kompyuta ile unatokea kando ya wako. Isipofunguka, kwanza angalia kama ufw, ukuta wa usalama wa Linux, imeziba mlango (port) 19150, halafu angalia kama ruta imebadilisha anwani za mashine. Hilo la pili hutokea sana stima ikipotea na kurudi, kwa hiyo kwenye ruta ipe kila mashine anwani isiyobadilika. Na usiuruke mstari wa allow-host: mawasiliano haya hayana nywila wala usimbaji fiche, na bila mstari huo gkrellmd inaweza kumfungulia yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye diski. Grafu inahesabu baiti zilizopita, haihesabu muda ambao prosesa imesimama ikisubiri. Diski inayokufa hupitisha baiti kidogo sana, kwa hiyo utaona prosesa imetulia, diski imetulia, na mteja analalamika kwamba kipanya hakisogei. Utulivu wa namna hiyo ni dalili mbaya. Weka sysstat na smartmontools, endesha iostat -x 2 utazame safu ya %util, yaani asilimia ya muda ambao diski ina shughuli. Ikikaa karibu na 100 huku data ni kidogo, pitia sudo smartctl -a /dev/sda. Current_Pending_Sector, yaani idadi ya sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma, ikiwa juu ya sifuri, nakili kazi za wateja leo, usingoje wiki ya mwisho ya Juni watu wanapokimbizana na ritani za kodi za KRA.

Historia pia haina, isipokuwa jumla za matumizi ya mtandao kwa siku, wiki na mwezi. Stima ikikatika, grafu nyingine zote zimekwenda nayo. Sura yake ni ya zamani na maandishi ni madogo kwenye skrini zenye pikseli nyingi. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha wa Linux, lile chaguo la kukaa juu ya madirisha mengine halitegemeki, hivyo ingia kwa Xorg, mfumo wa zamani, ambayo ndiyo Mint Cinnamon hutumia bila kuambiwa.

Mwenye kompyuta moja nyumbani asijisumbue, kichunguzi kinachokuja na Mint kinamtosha. Conky, programu nyingine ya kazi hii, ni maridadi zaidi, lakini kila mstari wake unauandika mwenyewe kwenye faili la mipangilio. Kwa mashine sita au nane zinazotazamwa na mtu mmoja anayepiga pia fotokopi, chukua GKrellM, na iostat uiweke karibu.