Robo tanki isiyoisha: uzoefu wangu na gari la yadi

Miezi michache iliyopita nilinunua gari kwenye yadi moja hapa Dar, na kwa wiki kadhaa nikawa mpiga debe wao wa bure. Kila aliyeniuliza nilimjibu: hili halinywi mafuta, linayanusa tu. Mshale ukishuka mpaka robo, unatulia. Kimara hadi Posta na kurudi, kesho tena, keshokutwa tena, robo ile ile. Kila nikikumbuka naongeza ya elfu ishirini, basi sikuwahi kushtuka. Ofisini walinionea wivu.

Siku tunaenda Morogoro ilikuwa Jumanne. Kesho yake ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanatoa bei mpya, na mtaani ilishasemwa petroli inashuka. Sasa nijaze leo ya nini? Tulipofika Chalinze, sheli kila upande, mama mkwe akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Mwanangu, hapa hatuweki mafuta?" Nikamwonyesha mshale. Robo ipo, mama, na taa haijawaka.

Tumeshapita Ubena Zomozi, Mikese bado, gari likaanza kushtuka kama mtu mwenye kwikwi, likazima. Malori yanapita pembeni yetu, gari zima linatikisika, na mshale uko robo! Niliwaza betri, niliwaza plagi, nikawaza na mengine ambayo mlokole hatakiwi kuyawaza. Kijana wa bodaboda akainama, akagonga tanki mara mbili, akasema, "Dada, humu mna hewa." Akaleta petroli kwenye chupa za maji, kwa bei ambayo EWURA hawaijui. Mama mkwe hakusema neno mpaka Msamvu. Afadhali angenisema.

Nikapiga simu yadi. Yule kijana aliyeniuzia, aliyekuwa akiniita "dada yangu" kila sentensi, akaniambia: "Gari la Japani hilo, halina tatizo. Labda hujazoea kusoma geji." Kusoma geji! F kumejaa, E hakuna kitu, hapo katikati kuna somo gani? Akaongeza: "Kwani kitabu cha gari hukusoma?" Kitabu chenyewe Kijapani mwanzo mwisho. Nilikata simu ili nisitukane.

Fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua mfuniko wa tanki, akatoa kile chombo chenye pampu. Ubavuni kuna boya kwenye kijiti. Mafuta yakishuka, boya linashuka, mshale unafuata. Kijiti changu kilikuwa kimeota kutu kwenye bawaba, kikifika usawa wa robo kinakwama. Ndiyo ile sifa niliyokuwa naitangaza ofisini.

Hilo ningesamehe, kutu ni kutu. Lakini kwenye gari hili taa ya mafuta haitegemei boya. Ina kihisi chake, kimefungwa chini kabisa tankini. Petroli ikikifunika kinapoa, ikikiacha wazi kinapata joto na taa inawaka. Yaani mshale ungedanganya, taa ingenisemea. Mbona ilikaa kimya? Fundi akashusha dashibodi, akanyamaza kidogo, akasema: "Mama, hapa kuna mtu alishapita." Tundu tupu. Balbu imeng'olewa.

Waya wa kile kihisi ulikuwa umechubuka na kugusa bodi, kwa hiyo taa ingewaka saa zote hata tanki likiwa limejaa. Mnunuzi akiona taa ya njano haimwishi machoni atauliza maswali. Waya haukutengenezwa. Ikatolewa balbu, kitu cha shilingi elfu mbili!

Nakiri sina ushahidi kwamba ni wao. Huenda ilitolewa bandarini, au huko huko Japani. Lakini mtu asiyejua kitu huwa anauliza "imekuwaje?", haanzi na kitabu.

Nilikaa kuandika kwamba msinunue gari hili. Tatizo ni kwamba nalipenda. Injini imetulia, AC inagandisha, na tangu fundi amalize (akanionya nisirudie, petroli ndiyo inayopoza pampu humo ndani) kila kitu kinasema ukweli. Taa imekuwa na kimbelembele hata: mafuta yakiwa machache, nikipanda daraja la Ubungo inawaka kwa kuwa yanakimbilia upande mmoja, nikishuka inazima. Siichoki. Na hapana, halinusi mafuta, linakunywa kama mengine yote, hilo nimewaficha wa ofisini.

Gari nalipa nyota nne. Yadi mbili, kwa kuwa kadi ya gari walinipa kwa wakati. Moja. Juzi kijana kanitumia ujumbe: "Dada yangu, chombo kinaendeleaje? Tuletee wateja." Hata hiyo moja naifuta.