Pampu ya kupimia nozo na geji ya kompresheni: moja nunua, nyingine usiikimbilie

Natengeneza mashine za kukoboa mpunga huku Ifakara, nyingi ni zile injini za Kichina za silinda moja, S195. Mavuno yakianza, kila mteja anakuja na hukumu yake mkononi: "Fundi, nozo imekufa," yaani kile kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Ndiyo maana nilinunua pampu ya mkono ya kupimia nozo, pamoja na geji ya kompresheni ya dizeli, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda.

Pampu imeshanirudishia hela yangu. Unafunga nozo kwenye kibomba chake, unajaza dizeli safi, unakandamiza mkono wa pampu taratibu huku ukitazama mshale wa presha. Nozo ya S195 inatakiwa ifungue kwenye baa 130 hivi. Iliyo nzima inatoa ukungu laini, inakoroma krrr, halafu inakata palepale. Iliyochoka inarusha uzi wa mafuta, au inabakiza tone mdomoni, na tone hilo ndilo linalokuletea moshi. Ikifungua kwenye 100 tu, usikimbilie dukani: legeza nati ya juu, kaza skrubu ya springi kidogo, pima tena. Mteja akijionea, ubishi umekwisha. Ila asikinge mkono mbele ya nozo hata kwa utani! Mafuta yale yanapenya ngozi, na hapo ni hospitali moja kwa moja.

Washa (pete) za shaba zilizokuja na pampu zilivuja, nikaweka nyingine.

Geji ya kompresheni sasa. Boksi la kupendeza, adapta kibao, zote za magari. Nozo ya S195 haifungwi kwa nyuzi kwenye silinda hedi, inabanwa na bamba lenye nati mbili, kwa hiyo hakuna adapta hata moja iliyokaa. Ikabidi mkereza vyuma anitobolee nozo mbovu na kuichonga nyuzi za geji. Hata hivyo, kwa kupiga hendeli injini haipati kasi ya kutosha, basi namba inayosoma usiifananishe na ya gari lenye stata. Mimi napima kavu, natia oili kidogo ndani ya silinda, napima tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Ikigoma, kagua vali na gasketi. Silinda yenyewe imelala, kwa hiyo izungushe kwanza oili ienee, la sivyo inatuama upande wa chini na kukudanganya.

Mwenye hela ya kimoja achukue pampu, tena ile ambayo geji yake inaishia baa 400. Ile ya 600 mistari yake imebanana mno, 120 na 130 utazitofautisha kwa kubahatisha.